Shangazi, bahasha ya kahawia na faili la DICOM

Nimekuwa kimya kwa muda, na walioniuliza kama nimeacha kuandika, jibu ni la. Nilikuwa na mambo ya nyumbani. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya programu. Naandika kuhusu kifua cha shangazi yangu, tezi ndogo ambayo wengi wetu hatujui kama tunayo, na kisahani kimoja cha CD kilichokuwa kimefichwa ndani ya jalada la DVD ya kwaya.

Nitangulize msimamo wangu kabisa ili asiyekubaliana aanze kukunja mikono ya shati mapema: kila mgonjwa anayepigwa picha ya CT au MRI hapa Nairobi anafaa kuondoka na mafaili yake halisi ya DICOM. Filamu peke yake haitoshi, wala picha ya WhatsApp. Na sisi watu wa kompyuta tuna sehemu yetu ya lawama katika jambo hili.

Ilivyoanza

Shangazi anaishi Kawangware. Mnamo Machi 2024 alianguka na bodaboda kwenye Naivasha Road. Hakuvunjika kitu, lakini mbavu zilimuuma wiki nzima, akaagizwa CT ya kifua yenye dawa ya kung'arisha picha. Mbavu zilikuwa salama. Ila chini ya ripoti kulikuwa na sentensi moja ndefu: kuna uvimbe wa sentimita 2.7, nyuma ya mfupa wa kidari na mbele ya mshipa mkuu wa moyo, mahali pa tezi ya thaimasi. Thaimoma inashukiwa.

Hilo neno "inashukiwa" lilituondolea usingizi.

Tukaenda kumwona daktari mpasuaji Upper Hill. Alikuwa mtu mtulivu. Kabla ya kugusa bahasha alimuuliza shangazi maswali: "Mama, jioni kope zako huanguka? Huona kitu kimoja kama viwili? Chakula hukukwama kooni?" Shangazi akasema hapana kwa yote. Baadaye nilielewa kwa nini aliuliza. Kuna ugonjwa wa udhaifu wa misuli unaoitwa miasthenia, ambao huzidi kadiri siku inavyosonga. Kati ya wenye ugonjwa huo, 10 hadi 15 katika kila 100 hukutwa na thaimoma, na karibu thuluthi moja ya wenye thaimoma huwa na miasthenia.

Akatueleza kwamba kama ni thaimoma, tiba ya kwanza ni kuitoa, na mara nyingi hilo lina maana ya kupasua kidari. Shangazi ana miaka 58 na anauza mboga. Nilimwona akishika kifua chake kama mtu anayefunga mlango.

Ndipo daktari akauliza, "Mama, umewahi kupigwa CT ya kifua kabla ya hii?"

"Ndiyo daktari. Wakati ule wa korona, 2020."

"Basi nileteeni hizo picha. Sitaki ripoti. Nataka picha zenyewe."

Tezi yenyewe

Hebu tusimame kidogo hapa. Thaimasi iko nyuma ya kidari, juu ya moyo. Ndiyo shule ya chembe za kinga zinazoitwa seli T: huzaliwa ndani ya uboho, kisha huenda kwenye thaimasi kufundishwa kutofautisha mwili na adui. Kwa mtoto tezi hii ni kubwa. Kwenye eksirei ya mtoto mchanga huonekana kama tanga la jahazi limesimama kando ya moyo, na madaktari huiita hivyo hivyo, alama ya tanga. Baada ya kubalehe huanza kusinyaa, na nyama yake hugeuka mafuta pole pole. Mtu wa miaka 60 huwa amebakiwa na mafuta zaidi ya tezi.

Sasa fikiria kazi ya mtu anayesoma picha ya kiungo cha namna hiyo. Kawaida yake hubadilika kila muongo. Kijana aliyemaliza tibakemikali anaweza kuwa na thaimasi iliyosinyaa kwa sababu ya dawa, kisha ikarudi kwa kishindo na kuwa kubwa kuliko mwanzo. Ukiiona mara moja tu, bila picha ya nyuma, unaweza kudhani saratani imerudi. Hata PET-CT inaweza kukudanganya hapo, kwa sababu tezi inayokua upya hula sukari kwa wingi kama uvimbe ulavyo.

Dunia imewahi kulipa gharama kubwa kwa kosa hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini kuwa thaimasi kubwa ndiyo huwaua watoto ghafla usingizini. Kipimo chao cha "kawaida" kilitoka kwenye maiti za watoto waliougua kwa muda mrefu kabla ya kufa, na ugonjwa wa muda mrefu huisinyaza tezi hii. Basi tezi ya mtoto mzima ikaonekana ni ugonjwa. Maelfu ya watoto wakapigwa miale vifuani ili kuipunguza. Mnamo 1950 Duffy na Fitzgerald wakachapisha taarifa iliyohusisha miale ile na saratani ya tezi ya shingo kwa watoto. Watu walitibu kitu kilichokuwa sawa kwa sababu hawakuwa na picha sahihi ya kulinganisha.

Nakumbuka kisa hicho kila nikisikia mtu akisema picha za zamani hazina kazi.

Bahasha ya kahawia

Wakenya tunaijua bahasha hii. Kubwa, ya kahawia, haiingii kwenye mkoba, na ukiwa ndani ya namba 46 saa kumi na mbili jioni lazima uishike juu ya kichwa isikunjwe. Shangazi alikuwa ameitunza ya 2020 chini ya godoro. Ndani mlikuwa na filamu mbili na karatasi ya ripoti iliyozungumzia mapafu tu, jambo linaloeleweka, maana mwaka ule kila mtu alikuwa anatafuta korona mapafuni.

Daktari akazitundika kwenye taa. Akatazama, akasogea, akavua miwani.

"Mapafu nayaona vizuri. Hapa katikati siwezi kusema kitu."

Nikaenda kwenye kituo kilichopiga picha hizo, upande wa magharibi wa jiji. Sitakitaja. Dada wa mapokezi alikuwa mwenye adabu. Akaandika jina, akaandika tarehe, akasubiri, akatikisa kichwa. "Kaka, za 2020 hatuna. Mfumo ulibadilishwa, za zamani hazikuhamishwa. Lakini wakati ule tulikuwa tunatoa CD kwa anayeomba. Tafuteni nyumbani."

Tulipindua nyumba. CD ilikuwa ndani ya jalada la DVD ya kwaya, chini ya televisheni. Binamu yangu alikuwa ameiweka hapo isikwaruzwe, na Mungu ambariki.

Kikwazo kilichofuata ni kwamba tarakilishi yangu haina pa kuingizia CD. Yenu pia haina, nadhani. Nikashuka mjini hadi Luthuli Avenue, nikapiga bei na kijana mmoja, nikanunua kisomaji cha nje cha USB. Nikaingiza CD. Ilikuwa na programu yake ya kufungulia picha iliyoandikwa kwa Windows ya zamani, nami natumia Linux, kwa hiyo haikufunguka. Hapo ndipo mgonjwa wa kawaida angekata tamaa.

Lakini kando ya programu ile kulikuwa na folda iliyojaa mafaili yasiyo na kiambishi cha jina, pamoja na faili moja linaloitwa DICOMDIR. Mwenzangu mwandishi wa programu, hapo moyo wangu ulitulia.

DICOM ni nini

Mnamo Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa CT ya kichwa katika hospitali ya Atkinson Morley, London, kwa mashine iliyoundwa na Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI. Mwaka 1979 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyekuwa amepiga hesabu zake za mwanzo akiwa Cape Town. Mashine zikaenea, na kila kampuni ikahifadhi picha kwa namna yake. Mwaka 1985 wataalamu wa radiolojia na watengenezaji wa mashine wa Marekani walitoa kanuni ya kwanza ya pamoja, na 1993 ikazaliwa upya kwa jina la DICOM.

Faili la DICOM ni rahisi kulitambua. Baiti 128 za kwanza huachwa wazi kwa matumizi yoyote, kisha zinafuata herufi nne: D, I, C, M. Baada ya hapo kuna lebo zenye namba. Lebo (0010,0010) ni jina la mgonjwa. Nyingine ni tarehe, unene wa kipande, umbali kati ya pikseli kwa milimita. Mwisho kabisa ndipo pikseli zenyewe zilipo.

Na pikseli hizo si rangi. Hili ndilo nataka mlishike. Kila pikseli ya CT ni kipimo. Ukizidisha na kujumlisha namba mbili zilizo ndani ya faili lenyewe unapata vizio vya Hounsfield: hewa ni -1000, maji ni 0, mafuta ni karibu -100, misuli ni kama 40 hadi 60. Kwa kawaida kuna ngazi 4,096. Jicho la binadamu haliwezi kutenganisha ngazi zote hizo, wala skrini ya kawaida haiwezi kuzionyesha, kwa hiyo tunachagua sehemu ndogo na kuigawa kwenye ngazi 256 za kijivu. Sehemu hiyo huitwa dirisha.

Dirisha la mapafu huwa kama 1,500 kwa upana, katikati yake -600. Linaanza -1350 na kuishia 150. Dirisha la katikati ya kifua huwa kama 400 kwa upana, katikati yake 40. Linaanza -160 na kuishia 240.

Tupige hesabu. Tuseme kuna uvimbe uliozungukwa na mafuta, tofauti yao vizio 140. Kwenye dirisha la katikati ya kifua tofauti hiyo ni ngazi 90 za kijivu kati ya 256. Huwezi kuikosa. Kwenye dirisha la mapafu ni ngazi 24, na zote ziko kule juu ambako kila kitu kinakaribia weupe. Sasa lichapishe hilo kwenye filamu, picha 20 kwenye karatasi moja, kila moja ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, na ukunje filamu hiyo chini ya godoro miaka minne.

Filamu za shangazi zilichapishwa kwa dirisha la mapafu pekee. Yule daktari hakuwa na tatizo la macho. Mtu mwingine alikuwa amemchagulia dirisha mwaka 2020, akalifunga, na kutupa ufunguo.

Kwenye CD ufunguo ulikuwepo. Nikaandika mistari kumi hivi ya Python kwa maktaba ya pydicom. Mafaili 212, matatu hayakusomeka kwa sababu ya mikwaruzo. Nikabadilisha namba mbili: katikati 40, upana 400. Giza la mapafu likaondoka, moyo ukatokea, mshipa mkuu ukatokea, na mbele yake kulikuwa na kitu cha mviringo, kimetulia, kama yai la kwale.

Kilikuwa pale tangu 2020.

Nini kilifuata

Hapa nikafunga tarakilishi. Mimi naandika programu. Sisomi vifua vya watu. Nikanakili kila kitu kwenye flashi, nikafika Upper Hill asubuhi. Daktari akamwita mtaalamu wa radiolojia, wakaweka picha za 2020 na za 2024 upande kwa upande, zikasogea pamoja kipande kwa kipande.

Waliona mambo mawili. La kwanza, ukubwa: sentimita 2.6 mwaka 2020, sentimita 2.7 mwaka 2024. Tofauti ya milimita moja iko ndani ya kosa la kipimo. La pili ndilo lililonifurahisha kama mtu wa data. Picha za 2020 zilipigwa bila dawa ya kung'arisha, za 2024 zikapigwa na dawa. Uvimbe wa nyama una mishipa ya damu. Ukiingiza dawa, namba zake hupanda. Huu haukupanda kwa kiasi cha kusemwa. Namba zake zilikuwa juu kuliko za maji matupu, na ndiyo maana 2024 ulionekana kama nyama, lakini majimaji yenye protini au damu ya zamani huwa hivyo pia.

Mtaalamu akatahadharisha: mashine mbili tofauti, msiapie namba. Akaomba MRI.

MRI inastahili aya yake. CT hupima jinsi miale inavyozuiwa. MRI husikiliza chembe za haidrojeni zikiitika ndani ya sumaku. Haidrojeni ya maji na ya mafuta huitika kwa kasi zinazotofautiana kidogo. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 tofauti ni kama mizunguko 220 kwa sekunde. Fikiria wapiga ngoma wawili ambao mmoja ana haraka kidogo. Baada ya milisekunde 2.3 hivi, wanapiga kinyume. Kwenye milisekunde 4.6 hivi wanapiga pamoja tena. Ukipiga picha kwenye nyakati hizo mbili, nyama iliyochanganyika na mafuta hufifia kwenye ile ya kinyume. Thaimasi ya kawaida, hata iliyokua upya, hufifia, maana imechanganyika na mafuta. Thaimoma kwa kawaida haifanyi hivyo. Na kifuko cha majimaji hujitambulisha kwa njia nyingine: hung'aa sana kwenye picha zinazopenda maji, na hakinywi dawa.

Cha shangazi kiling'aa, na hakikunywa dawa. Kifuko cha majimaji cha thaimasi. Hakuna kisu. Alirudia MRI mwaka 2025, ukubwa ule ule, na ataendelea kufuatiliwa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Uvimbe mwingine wa mahali hapo ni thaimoma ya kweli, na mwingine ni saratani kali, na kuna watu ambao picha ya zamani ingeonyesha uvimbe unakua na ingewafikisha kwenye upasuaji mapema. Picha ya kulinganisha haiko upande wa habari njema wala mbaya. Iko upande wa ukweli.

Basi nasema hivi

Sheria tayari iko upande wetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilianza kutumika Novemba 2019. Inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kifungu cha 26 kinampa mtu haki ya kuifikia data yake. Kifungu cha 38 kinakwenda mbali zaidi: mtu ana haki ya kupokea data yake katika muundo uliopangika, unaotumika sana na unaosomeka na mashine. Ombi kama hilo linafaa kutimizwa kwa gharama ya kadiri na ndani ya siku 30. Soma tena maneno hayo, "muundo unaosomeka na mashine". Filamu haisomeki na mashine. DICOM ndiyo yenyewe.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeshayasikia ana kwa ana.

*"Kuhifadhi ni ghali."* Kipande kimoja cha CT ni pikseli 512 kwa 512, baiti mbili kila moja. Hiyo ni nusu megabaiti. Vipande 300 ni megabaiti 150. Diski ya terabaiti moja inabeba vipimo zaidi ya 6,000, bila hata kubana mafaili. Nakubali kuwa seva, nakala za akiba na umeme si bure. Lakini kama kituo hakiwezi kuhifadhi kwa miaka mingi, hiyo ni sababu zaidi ya kumpa mgonjwa nakala yake. Yeye ataihifadhi. Ana sababu ya kuihifadhi kuliko mtu yeyote.

*"Ni hatari kwa faragha."* Kweli. Jina na tarehe ya kuzaliwa viko ndani ya kila faili, na CD haina nywila. Lakini bahasha ya kahawia pia ina jina kwa herufi kubwa, na hujapata kusikia mtu akipendekeza tufiche filamu. Flashi inaweza kufungwa kwa nywila. Kiungo cha kupakulia kinaweza kuisha muda. Haya ni matatizo tunayojua kuyatatua.

*"Wagonjwa watajisomea wenyewe na kuogopa."* Wengine watafanya hivyo. Mimi mwenyewe nilifanya, saa sita usiku, na niliogopa. Lakini shangazi alishaogopa tangu neno "inashukiwa". Kilichomtuliza ni wataalamu wawili kuwa na cha kutazama.

*"Arudie tu CT."* CT ya kifua ni miale makumi ya mara kuliko eksirei ya kifua. Na hata ukiirudia mara kumi, haitakuonyesha 2020. Wakati uliopita haupigwi picha upya.

Kuna jibu moja ambalo huwa halisemwi: mgonjwa mwenye mafaili yake anaweza kuhamia kwa mshindani. Hilo nalielewa kibiashara, na silionei huruma.

Na sisi je?

Ninakwenda kwenye mikutano ya watu wa teknolojia, Kilimani, Westlands, Ngong Road. Kila jukwaa sasa ni akili bandia: programu itakayosoma picha za kifua vijijini, hakutahitajika mtaalamu. Sina ugomvi na utafiti huo. Lakini thaimoma ni ugonjwa adimu. Programu ya kujifunza inahitaji mifano mingi, na mifano yetu iko kwenye mifumo iliyobadilishwa bila kuhamisha data, na kwenye filamu zilizokunjika. Mnajenga orofa ya kumi na msingi haujachimbwa.

Nchi hii si geni kwa kazi ya msingi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, ulianzishwa mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa. Kutoka kwenye uzoefu huo ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, ikafungwa Eldoret 2006, na leo programu hiyo huria inatumika katika nchi nyingi. Tuliweza maandishi. Picha hatujazipa uzito ule ule.

Na vifaa vipo, bure. Orthanc ni seva ya DICOM iliyoanzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, mwaka 2012. Unaifunga kwenye mashine ya kawaida na inapokea picha kutoka kwenye mtambo wa CT. Weasis hufungua picha kwenye Windows, Linux na Mac. 3D Slicer hukupa hata vipimo vya pande tatu. Zote ni programu huria. Kinachokosekana ni kitu kidogo cha kuunganisha: mgonjwa alipe, apigwe picha, na simu yake ipokee kiungo salama cha kupakua mafaili yake. Nimeanza kuandika kitu kama hicho jioni jioni. Mwenye ujuzi wa usalama anitafute.

Kwa sasa, kama wewe au mtu wako anakwenda kupigwa CT au MRI, fanya hivi:

1. Omba mafaili ya DICOM kabla ya kulipa. Sema neno hilo hilo, DICOM. Beba flashi yako mpya, na uulize kama wanakubali flashi au watatoa CD.
2. Omba vipande vyote, si vichache vilivyochaguliwa kwa ajili ya filamu.
3. Fika nyumbani, hakikisha vinafunguka. CD ikikwaruzwa hairudi.
4. Weka nakala mbili mahali tofauti, pamoja na ripoti. Andika tarehe na kiungo kilichopigwa.
5. Usimtumie daktari picha ya filamu kwa WhatsApp ukadhani umemtumia kipimo. Umemtumia kivuli kilichobanwa mara mbili.
6. Usijisomee na kuamua mwenyewe. Mafaili ni ya kumpa mtaalamu, na mtaalamu mwingine ukitaka maoni ya pili.

Wale wa vituo vya picha, ninyi si maadui zangu. Dada yule wa mapokezi aliniambia ukweli, na kituo chake ndicho kilichotoa CD ile 2020 kwa sababu binamu yangu aliomba. Ombi langu ni kwamba isiwe lazima kuomba.

Nilimpelekea shangazi flashi yake ya picha zote, 2020, 2024 na 2025, nimeifunga kwa nywila ambayo ni jina la kioski chake. Akaigeuza mkononi.

"Hii ndogo hivi ndiyo ina kifua changu chote?"

"Ndiyo, shangazi."

Akafungua jalada la DVD ya kwaya, akaiweka humo, akafunga.